Mikufu Mitatu ya Nasieku

Siku moja haijawahi kunitoka akilini, mwanangu. Ndiyo siku niliyochekesha watu kuliko siku zote za maisha yangu, na laiti ningekuwa bubu.

Ilikuwa wakati wa Mjerumani, mawe ya boma la Arusha yangali meupe. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi huku mlimani, na mdomo wangu, acha tu: nikicheka nikiwa Kisongo, mbuzi wa kule Nduruma wanaacha majani. Dada wa mume wangu, Nasieku, mjane aliyerudi kwao, alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingo. Halikuwa jambo la ajabu. Wanawake wengi wa mlimani walikuwa nalo, laini kama ndizi mbivu, wakazeeka nalo. Mimi ndiye niliyemtungia mkufu mpana wa shanga na waya wa kulifunika, maana aibu ya wifi hutunzwa na wifi.

Mwaka ule, masika hayajaisha, mkufu ukambana. Nikatunga wa pili. Mahindi hayajatoa mbelewele, nao ukambana. Nikatunga wa tatu. Nilipokuwa nikiupima, vidole vyangu viligusa kitu kigumu kama jiwe la mtoni. Sauti yake nayo ilikuwa imekauka. Akaniomba nisimwambie mama yake, nami nikanyamaza.

Ndipo tukaitwa bomani kuchanjwa ndui. Daktari wa Kijerumani alipofika kwa Nasieku alisimama, akamwambia mkalimani aulize kama uvimbe ule umebadilika. Nasieku alifungua kinywa, sauti haikutoka. Akanitazama nimsemee.

"Huyu?" nikasema. "Kameza kiazi kizima cha jirani, anaogopa kukitema, mwenye kiazi asije akakidai."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mkalimani alicheka mpaka akafuta machozi, wala hakutafsiri. Alitikisa kichwa tu, na daktari akasogea kwa mwingine. Nasieku naye akatabasamu. Tabasamu lile ninalo mpaka leo.

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Kabla ya mavuno alikuwa hamezi hata maziwa. Alikufa ameketi, akitafuta pumzi, kwa sababu kulala kulimkaba.

Mama mkwe alimvua mapambo. Akaitandika ile mikufu mitatu juu ya ngozi ya ng'ombe, mdogo ndani ya wa kati, wa kati ndani ya mkubwa. Akaitazama weee. Hakupandisha sauti.

"Nani alitunga hii?"

"Mimi, yeyo," nikamjibu, kwa maana mama mkwe naye tulimwita mama.

"Basi mikono yako ilijua kabla yetu sote. Mdomo wako ulikuwa wapi?"



Uzeeni, nikiwa na meno matatu na miwani ya kuazima, nilisoma shule ya usiku, nikahitimu. Mwalimu akatueleza kwamba shingoni kuna tezi, nayo ni kama jiko: hutoa homoni zinazoupa mwili moto wa kufanya kazi. Kuni zake ni madini joto, yaani iodini, ambayo mvua za mlimani zimeyaosha udongoni. Kuni zikipungua, kichwa huiamrisha tezi: ongeza, ongeza. Nayo hutanuka. Mara nyingi huishia hapo. Lakini tezi iliyosukumwa kukua miaka na miaka, mara mojamoja sehemu yake huacha kusikia amri ya yeyote, ikajikulia yenyewe. Hiyo ndiyo saratani. Darasa zima likaandika. Mimi nilikuwa nahesabu mikufu.

Sikudanganyi kwamba daktari yule angemponya, huenda asingeweza. Lakini aliuliza, na aliyejibu ni mimi.

Kwa hiyo, mwanangu, uvimbe uliokaa miaka kwa upole, ukianza kukua mbio, ukawa mgumu, na sauti ikakauka, usiufunike, wala usimsaidie mwenzio kuufunika. Mficha maradhi kifo humuumbua, na aliyemsaidia kuficha hubaki hai, aumbuke polepole. Kucheka cheka, hata mimi bado nacheka. Ila mtu akikutazama umsemee, msemee.

Mungu akujalie shingo nyepesi na pumzi ndefu, na wifi atakayesema kweli mbele ya foleni.