Gari likiwa kimya halijazimwa: nilivyofunga kompyuta kwenye betri ndogo ya hybrid, na aliyetaka kuniangushia lawama Getanuwas

Wakuu, habari za humu. Walionizidi umri, shikamooni.

Elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya mnivumilie. Lakini jambo lenyewe limenikuta mimi, na majina nataja. Wenye majina yao wapo hai, na karakana yangu Katesh wanaijua. Wakiona nimewasingizia waje.

Kwanza mjue kwa nini betri naijua.

Nilianza kazi kijana kwenye karakana ya mashamba makubwa ya ngano huku Hanang. Enzi hizo bado tuko mkoa wa Arusha, Manyara haijazaliwa. Nilikuwa kibarua wa umeme wa matrekta. Msimamizi wetu aliitwa Petro Lohay.

Siku moja betri ya trekta inachajiwa, inatokota, Petro akaniambia nitoe klipu haraka, trekta inasubiriwa shambani. Nikamwambia tuzime chaja kwanza. Akasema nisimfundishe kazi.

Nikatoa klipu. Cheche moja tu. Betri ikapasuka usoni kwangu.

Jicho la kushoto likaenda na asidi. Petro akaandika kwenye karatasi: "uzembe wa kibarua." Maneno matatu. Baadaye likaja soko huria, mashamba wakapewa wawekezaji, sisi tukarudi nyumbani. Petro alirudi na macho mawili.

Ndiyo maana Katesh yote wananiita fundi Jicho. Nimeshazoea.

Turudi kwenye mada.

Miaka michache nyuma Mama Safina, mfanyabiashara wa stationery hapa Katesh, alipata gari la hybrid, lile la petroli na umeme. Akawa na wazo zuri, hilo nampa heshima yake. Vijana wa vijijini wanatakiwa kuomba vyuo kwa mtandao, na huko umeme ni wa kubahatisha. Akasema kompyuta na printa zifungwe nyuma ya gari, gari liende kwenye minada. Getanuwas, Dongobesh, kokote.

Kazi akampa Deogratias, kijana wa Babati mwenye cheti. Anajiita Injinia Deo, na kila kifaa chake anakiandika jina hilo kwa rangi nyeupe.

Deo akamwambia Mama Safina hivi: hybrid ina betri kubwa sana, kwa hiyo gari likizimwa kompyuta itakula humo siku nzima. Akaweka inveta kubwa, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, moja kwa moja kwenye betri ya nyuma, akaunganishia na printa ya laser.

Wakuu, hapo ndipo wengi wanapokosea.

Hybrid ina betri mbili. Ile kubwa inasukuma gari, na nyaya zake ni za rangi ya chungwa. Hizo usiziguse hata kama umelipwa, zinaua. Ya pili ni ndogo, ya volti 12 kama ya gari lolote, ila ndogo zaidi. Kwenye gari hili imekaa kwenye buti.

Hiyo ndogo haipigi starter. Kazi yake ni kuamsha kompyuta za gari. Zikishaamka, taa ya READY inawaka kwenye dashboard, na kuanzia hapo betri kubwa inailisha ndogo. READY ikizimika, ndogo inabaki peke yake. Kubwa imejaa lakini mlango umefungwa.

Sasa mtu anazima gari, anawasha printa ya laser. Saa moja haiishi, betri ndogo chali.

Ndicho kilichotokea Dongobesh, safari ya kwanza. Na kichekesho ni kwamba buti la gari lile linafunguka kwa umeme. Betri imekufa, betri iko ndani ya buti, buti linahitaji betri. Dereva wao Elibariki ilibidi afungue mlango kwa ule ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, kisha atambae juu ya viti hadi nyuma. Ni mtu mnene. Mnada mzima ulisimama kumwangalia.

Gari likarudi Katesh likiwa limevutwa. Mama Safina akaniletea mimi.

Nilifanya hivi, na anayetaka anakili.

Nilitoa kila kitu cha Deo nikampa mwenyewe mkononi. Nikavuta waya mnene kutoka kwenye betri ndogo, na fyuzi nikaiweka karibu kabisa na kichwa cha betri, siyo mwisho wa waya. Hasi nikaifunga kwenye bolti ya bodi. Nikaweka rilei, swichi ya umeme ambayo haiunganishi mpaka READY iwake. Kisha kifaa cha kukata umeme chenyewe volti zikishuka, ili hata mtu akisahau, betri ibaki na nguvu ya kuamsha gari.

Laptop sikuipitisha kwenye inveta. Nilitumia adapta ya gari inayopandisha 12 kwenda 19. Printa nikachagua ndogo ya wino yenye skana, nikaipa inveta yake ndogo. Laser ikipasha moto inavuta umeme kama pasi.

Mwisho nikabandika voltmita mbele, na karatasi juu ya kitufe cha POWER: USIGUSE, GARI LINAWAKA.

Karatasi hiyo ilikuwa na sababu. Hybrid ikiwa READY inanyamaza kabisa. Mtu akipita anajua limezimwa. Betri kubwa ikishuka, injini inajiwasha yenyewe, inachaji, inanyamaza tena. Siku ya kwanza Getanuwas injini ilipojiwasha bila mtu kwenye usukani, mama mmoja aliacha ndizi zake akakimbia. Aliporudi alidai hakukimbia, alikuwa anawahi mtu.

Tukafanya kazi minada mingi bila shida. Voltmita inasoma kumi na nne, mimi nimekaa nakunywa chai.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa siku ya mwisho ya maombi ya chuo. Dirisha linafungwa saa kumi na mbili jioni. Tuko Getanuwas.

Mchana akaja Mzee Gidamuda, mfugaji aliyekuwa na ng'ombe wake mnadani, ameletwa na bodaboda, na binti yake Paulina. Huyu binti alifaulu vizuri, ila mzee alikuwa amekataa chuo wiki nzima. Asubuhi hiyo ndiyo alikubali. Akaniambia mbele ya binti, "Fundi, nimekubali leo. Kesho usiniulize."

Nikamwelewa. Paulina naye alielewa, maana alikuwa hakai chini.

Tukajaza, tukachapa fomu ya mzazi. Ilibaki mzee aweke dole gumba, mtendaji wa kijiji agonge mhuri, tuskani, tutume. Ofisi ya mtendaji ni mwendo kidogo. Nikamwacha Paulina na laptop, nikamwambia Elibariki akae kwenye kiti asiguse kitu. Nikaongozana na mzee.

Kwa mtendaji kulikuwa na foleni ya vibali vya ng'ombe. Tulikaa karibu saa nzima.

Tunarudi, naona watu wamejaa nyuma ya gari. Kioo cha laptop cheusi. Inveta ya Deo iko kwenye buti, klipu zake zimebana vichwa vya betri yangu, na ile printa yake ya laser iko pembeni. Deo mwenyewe amesimama na rundo la fotokopi za watu.

Hata shikamoo hakunipa. Akasema, "Fundi Jicho, betri yako mbovu hii."

Voltmita ilikuwa inasoma kumi na kitu.

Paulina akanieleza huku analia. Deo alifika na vifaa vyake mimi nimeshatoka, anatafuta umeme wa kufotokopia. Hakusikia injini, akasema fundi ameondoka na kuacha gari limezimwa. Akabonyeza POWER ili aliwashe. Wakuu, alilizima. Akabonyeza tena bila kukanyaga breki, taa za redio zikawaka, akaridhika. Rilei yangu ikakata kama nilivyoipangia. Laptop ikabaki na betri yake ya zamani, ikajitahidi dakika chache ikazima. Yeye akaruka mtambo wangu wote, akabana klipu zake moja kwa moja, akaanza kufotokopia watu. Elibariki ndiye aliyempisha kwenye kiti, eti ni rafiki yake.

"Nilimwambia kuna karatasi imeandikwa usiguse," Paulina akasema. "Akasema hiyo ni karatasi ya darasa la saba."

Nilimpita Deo. Nilitazama saa, ilikuwa inakaribia kumi na moja.

Nikazima inveta yake. Nikakanyaga breki, nikabonyeza POWER. Dashboard ikapepesa, kukawa na tk tk tk tk, basi.

Mzee Gidamuda akauliza kama limekufa. Nikamwambia limelala. Akatazama ng'ombe wake, akatazama njia ya kwao. Nilijua kinachopita kichwani mwake: Mungu amemwonyesha kwamba alikosea kukubali.

Wakati huo Elibariki alishakwenda kuita lori la ng'ombe, Fuso, na nyaya za kuboosti, za kuazima umeme wa gari jingine. Deo anaelekeza, "Lete, lete, sogeza."

Nikasimama mbele ya Fuso. Fuso ni volti 24. Ukiunganisha hapo umeunguza kompyuta zote za gari la watu. Deo akaanza kunieleza mambo ya cheti chake. Nikamwambia dereva wa Fuso, "Ukisogea utalipa gari la Mama Safina." Akarudi nyuma bila kuaga.

Nikamwita bodaboda aliyemleta mzee. Nikamwomba betri ya pikipiki.

Watu walicheka, nawaambia ukweli. Mmoja akasema hiyo ni ya kupigia honi, itasukumaje gari? Deo alicheka kuliko wote.

Lakini hybrid haihitaji kupigwa starter. Inahitaji kuamshwa tu. Betri ya pikipiki ni volti 12, inatosha.

Nikatoa klipu za Deo, nikazitupa kwenye buti. Nikazima mtambo wangu wote pia, nikaacha betri ipumzike dakika kumi. Betri iliyochoka ukiiondolea mzigo inajirudisha kidogo. Hizo dakika kumi, Paulina alikuwa anahesabu kwa sauti ndogo.

Chini ya boneti, kwenye boksi la fyuzi, kuna sehemu nyekundu ya kuboostia. Chanya nikaipeleka hapo. Hasi ndiyo ya mwisho, na huipeleki kwenye betri, unaipeleka kwenye chuma cha injini, mbali, maana hiyo ya mwisho ndiyo yenye cheche.

Nikawaambia watu wote warudi nyuma. Nikageuza uso pembeni. Nimebakiwa na moja tu.

Nikagusisha. Cheche ndogo. Nikapumua.

Nikaingia ndani, nikakanyaga breki, nikabonyeza.

Taa ya READY ikawaka. Kimya.

Nje watu wakaguna, "Haijawaka." Deo akasema, "Nilisema." Mzee Gidamuda akaja akaweka kiganja juu ya boneti, kama anavyopapasa ubavu wa ndama aliyezaliwa dhaifu. "Mbona halipumui?"

Nikamwambia, "Liko hai, mzee. Angalia hapa." Voltmita ilikuwa imeshapanda kumi na nne.

Nikatoa betri ya pikipiki, nikarudisha mtambo wangu. Laptop ikaamka polepole. Sehemu ya fomu ilikuwa imepotea, Paulina akaijaza upya. Tukaskani mhuri na dole la baba yake. Mtandao ukazunguka, ukazunguka. Injini ikajiwasha yenyewe, watu wakaruka, na hapo hapo kioo kikaandika maombi yamepokelewa. Zilibaki dakika saba.

Paulina alikaa chini kwenye vumbi. Mzee alicheka mara moja tu, akaenda kutafuta ng'ombe wake.

Mngedhani yameisha.

Kesho yake Mama Safina akaja na Deo karakana, nilikokuwa nimeegesha gari. Usiku Deo alishampigia simu kwamba gari lilizimika mnadani kwa sababu ya uzembe wa fundi. Maneno matatu tena, wakuu, baada ya miaka yote hiyo. Yale ya kwanza yaliandikwa nikiwa hospitali nimefungwa bandeji.

Safari hii nilikuwepo. Nilifungua buti.

Mama Safina akainua ile inveta, klipu zinaning'inia. Akasoma maandishi meupe: INJ. DEO.

"Na hii ni ya nani?"

Deo akasema aliisahau.

"Uliisahau wapi, baba? Juu ya vichwa vya betri yangu?"

Elibariki akaanza kuangalia viatu vyake. Deo akachukua inveta yake akaondoka kwa miguu mpaka stendi. Sijamwona tena karakana kwangu.

Sasa funzo langu, kwa wenye hybrid wanaotaka kufunga kompyuta, redio kubwa, kamera au friji ndogo. Chukua umeme kwenye betri ndogo, lakini utumie wakati READY inawaka tu. Fyuzi karibu na betri. Weka kifaa cha kukata. Gari likilala, tafuta volti 12, hata ya pikipiki, na usikubali lori. Anayekuambia betri kubwa italisha gari likiwa limezimwa, muulize ana macho mangapi.

Na ukifanya kazi yako vizuri, usifute ushahidi. Wapo wanaoandika uzembe wa mwenzao haraka kuliko wanavyoandika majina ya watoto wao. Petro Lohay, popote ulipo, hii ni ya kwako pia.

Paulina alipata chuo. Kabla hajaondoka alipita karakana na baba yake, gari likiwa hapo. Akaitazama karatasi yangu kwenye kitufe, ilikuwa imechakaa na herufi moja nilikuwa nimeikosea tangu mwanzo. Akaomba maka peni, akaandika nyingine, akabandika.

USIGUSE, GARI LINAWAKA. Ipo mpaka leo, mwandiko umenyooka.

Nimemaliza wakuu. Mwenye swali la waya aulize, nitajibu nikifunga karakana. Mwenye cheti anayeona nimekosea naye aseme, ila aanze na shikamoo.