Sweta la Buluu Kwenye Chumba cha Makopo

Shangazi yangu analipwa mshahara kwa kuchekecha udongo. Anayemcheka huambiwa kwamba wenzake ofisini wanachekecha maneno na bado wanalipwa. Ana miaka kumi na tisa katika maabara ya udongo, na kazini wanamwita Chekeche, jina analolipenda kuliko alilopewa na wazazi wake.

Mwaka ule alikuwa akitunza makopo thelathini. Kumi yalikuwa na udongo mtupu. Kumi yalichanganywa na vipande vya plastiki ya kawaida, vidogo kama chembe za sukari. Kumi ya mwisho yalitiwa vipande vya plastiki mpya, ile inayosifiwa kwamba huoza yenyewe shambani. Kila kopo lilikuwa na nyungunyungu watano na mche mmoja wa nyanya.

Aliyekuwa roho juu ni baba yangu, mdogo wake. Alikuwa ametandaza plastiki hiyo mpya juu ya matuta yake ya nyanya ili kuzuia magugu, na muuzaji alimwambia akishavuna ailime humohumo, udongo utaimaliza. Baba ana shamba hilo moja tu. Kila Jumapili alimfuata dada yake na swali lilelile.

"Dada, niilime au niitoe?"

"Subiri kidogo, mdogo wangu. Miezi miwili tu nitakuwa na jibu."

Chumba cha makopo kina sharti moja: huingii ila na nguo za pamba, maana nyuzi za nguo nyingine ni plastiki, na hupukutika. Tangazo lake alilibandika shangazi mwenyewe. Aliwahi kumrudisha profesa mzima mlangoni kwa sababu ya soksi. Lakini baridi ilipoingia, akaanza kuvaa ndani ya koti la kazi sweta la buluu nililomnunulia mimi. Hakusoma lebo. Zawadi ya mtoto wako, alisema baadaye, huwezi kuikagua.

Siku ya kupima, Daktari, mkuu wa utafiti ule, aliweka udongo mtupu chini ya hadubini akakuta nyuzi za buluu. Akakagua maji, akakagua chupa, akainua macho hadi darini. Shangazi akatazama mkono wake, akaona sweta limechungulia nje ya koti.

"Ni mimi," akasema.

"Mama, mbona hata sijakuuliza?"

"Ndiyo maana nasema sasa hivi."

Makopo yote thelathini yakamwagwa, kazi ikaanza upya: miezi minane mingine. Niliposikia, aibu ilinipanda hadi masikioni, kwa sababu lebo ile mimi niliisoma dukani, nikajua sweta si la pamba, nikaona si kitu.

Baba hakuweza kungoja. Mvua zilikaribia, matuta yalihitajika, akailima plastiki ile humohumo.

Majibu yalipotoka, vipande vya plastiki mpya vilikuwa bado vipo kwenye makopo. Nyungunyungu walibaki wawili, watatu kwa kila kopo, na miche ilidumaa, mingine hata zaidi ya ile ya plastiki ya kawaida. Daktari aliandika kwa tahadhari: katika udongo huu, kwa muda huu. Shangazi hakusoma zaidi. Aliomba likizo, akaenda shambani kwa baba na chekeche lake, akakaa chini mwanzoni mwa tuta la kwanza.

"Dada, shamba lote hili utalimaliza lini?"

"Sijui. Mimi ndiye niliyekuchelewesha."

Baba akaenda kuleta beseni.

Nilifika mchana nikawakuta wamekaa bega kwa bega, kopo la vipande vyeusi vya plastiki katikati yao, wakiwarudisha nyungunyungu ardhini mmoja mmoja. Nikapiga magoti kando yao. Shangazi alinigeuza, akapindua ukosi wa shati langu, akasoma lebo polepole mpaka mwisho. Ndipo akanipa chekeche.