Laban na Swichi ya Karavani

Watu wa mtaani kwetu Obunga wakikuambia kwamba Laban Waliaula alirukwa na akili, waambie mimi Gordon Oduor nimesema ni waongo. Laban alikuwa na akili timamu kuliko sisi sote, na ndiyo maana yalimpata yaliyompata. Nilifanya kazi ubavuni mwake miaka tisa chini ya paa moja la mabati, mimi nikichomelea mageti na vitanda vya chuma, yeye akitengeneza umeme wa magari.

Alikuja Kisumu kutoka upande wa Bungoma mwaka wa themanini na tatu, na mke wake Metrine na tester moja ya kupimia umeme mfukoni. Mtu mpole mpaka anaudhi. Mteja anamtukana mbele ya watu, yeye anajibu "sawa bwana" na kuendelea kukaza nati. Mimi ningemrushia spana. Lakini kazi yake, wacha tu. Madereva wa malori walikuwa wakitoka Nyamasaria kumtafuta, na wengine walikataa fundi mwingine yeyote asiguse gari lao.

Mwaka wa tisini na moja kanisa la mtaani kwetu lilipewa karavani na wazungu fulani waliokuwa wanarudi kwao. Ilikuwa nyumba ndogo ya magurudumu, ya kuvutwa na gari, ndani ina makabati, taa, feni na friji ndogo inayotumia betri. Wakaiegesha uani mwa kanisa wakaifanya kliniki. Nesi Dorca alikuwa anakuja Jumatatu mpaka Ijumaa, anapima watoto kilo na kuwachoma sindano, ya surua na nyingine. Dawa zote za chanjo zilikaa kwenye hiyo friji.

Shida ilikuwa betri. Walter, mlinzi wa kanisa, alikuwa akiingia humo wikendi kusikiliza mpira kwa redio, anaacha taa na feni vikiwaka. Chaja nayo ilitegemea stima, na stima yetu siku hizo ilikuja ikipenda. Jumatatu Dorca akifika anakuta betri imekufa na friji imekufa nayo, anamwaga dawa. Mwezi mmoja alimwaga mara mbili. Ndipo akaja kwetu.

"Laban, niwekee swichi ya kukata betri," akasema. "Ijumaa nikifunga, nizime taa, feni, redio, kila kitu. Friji peke yake ibaki."

"Sawa dada," Laban akasema.

Si kazi ngumu. Ile waya nene inayotoka kwenye chanya ya betri unaikata, unaweka swichi katikati. Kitu ambacho hutaki kizimike unakivutia waya yake kutoka betri moja kwa moja, bila kupitia swichi, unaweka na fyuzi. Lakini kwenye ile karavani waya zote zilikuwa zimefungwa mzigo mmoja nyuma ya kabati, rangi zimefifia, na nyuma ya friji zilitoka nyekundu mbili. Moja ilikuwa ya mota inayoleta baridi. Nyingine ilikuwa ya ile taa ndogo ya ndani inayowaka ukifungua mlango. Laban akachagua moja, akaivuta mpaka betri.

Nami nilikuwa hapo hapo nje siku hiyo, nasaga ngazi ya karavani kwa grainda. Nilimwona kupitia mlangoni akizima swichi. Taa zikazimika, feni ikasimama. Akafungua friji, taa ya ndani ikawaka. Akamwita Dorca aje aone, na Dorca akafurahi. Laban aliniambia baadaye kwamba alitaka kuweka sikio asikie kama mota inazunguka, ila grainda yangu ilikuwa inapiga kelele, na aliona haya kuniambia niizime. Aliona haya. Miaka minane tunakula sahani moja, na bado aliona haya kunisumbua dakika moja.

Basi ikawa hivyo kuanzia Juni. Kila Ijumaa jioni Dorca anazima swichi, anafungua friji, anaona taa inawaka, anaenda zake nyumbani Migosi. Kumbe taa inawaka lakini mota imekufa, na siku mbili na zaidi dawa zinakaa kwenye joto la Kisumu, na wewe unajua joto la Kisumu. Walter alikuwa amekatazwa kuigusa swichi wikendi, kwa hiyo Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi anaiwasha kwa ajili ya redio yake. Dorca akifika saa tatu, friji imeanza kupoa tena. Kipimajoto cha friji kilikuwa kimevunjika, alikuwa ameahidiwa kingine. Hakuna aliyejua kitu.

Julai, Nabututu binti ya Laban akafikisha miezi tisa. Kitinda mimba huyo, mnene, anacheka na kila mtu. Laban mwenyewe ndiye aliyembeba kwenda kuchomwa surua. Alirudi na kadi ina mhuri, akanionyesha. Alikuwa na furaha ya kijinga, kwamba mtoto wake amechomwa dawa iliyotunzwa na waya zake.

Februari surua ikaingia Obunga. Watoto kumi na mmoja waliugua kwenye vichochoro vyetu na watatu wakafa. Wa pili alikuwa Tom, mtoto wa Adero anayeuza sukuma wiki. Wa tatu alikuwa Nabututu. Laban na Metrine wakampeleka nyumbani Bungoma kuzika, wakakaa huko siku nane.

Sasa sikiliza yaliyotokea katika hizo siku nane. Adero alikuwa anazunguka na kadi ya Tom mkononi, mlango kwa mlango. Watoto hawa walichanjwa, akasema, mhuri huu hapa. Surua haiui mtoto aliyechanjwa, nesi mwenyewe ametuambia. Kama si surua, ni mtu. Na kila aliyesikia aliona ni kweli, kwa sababu kwa hesabu tuliyokuwa nayo ilikuwa kweli.

Na mtu akapatikana. Mama Anyango, mjane anayeuza omena, mlango wake unatazamana na wa Laban. Alipenda watoto. Alikuwa akimbeba Nabututu kila asubuhi wakati Metrine anafua, na kumpa Tom omena za kukaanga. Wakasema ni jasihoho, mtu wa jicho baya, akimtazama mtoto akampenda basi mtoto anadhurika. Wanawake wakaanza kufunika watoto kwa khanga wakipita mlangoni kwake. Omena zikakaa kwenye beseni bila mnunuzi. Alhamisi asubuhi wakamtolea vitu nje na kumwaga beseni kwenye mtaro.

Nilikuwa pale. Nilikuwa nimesimama na kikombe cha chai. Aliyebeba godoro lake kulitoa nje ni Milka, mke wangu. Mama Anyango alinitazama mara moja, halafu haraka akageuza uso upande mwingine, na mimi mpumbavu nikashukuru kwamba amegeuza, kwa sababu nina watoto nyumbani. Sikusema neno lolote. Binti yake akaja na mkokoteni, akamchukua kwenda Usoma, ufukweni.

Laban alirudi Ijumaa. Akaambiwa habari za Anyango. Alikuwa na swali lile lile la Adero, itakuwaje mtoto aliyechanjwa afe kwa surua, lakini yeye alikuwa fundi. Kitu kikiharibika hamtafuti jirani, anafuata waya. Jumamosi akaenda kanisani, akamwomba Walter amfungulie karavani. Swichi ilikuwa imezimwa. Akafungua friji, taa ikawaka. Akaingiza mkono ndani. Kulikuwa na joto.

Alikuja kuniita. Nilimkuta amekaa kwenye ile ngazi niliyoisaga mimi. "Gordon," akasema, "ni mimi nimewaua." Akanionyesha waya mbili nyekundu na akanieleza pole pole, jinsi anavyomweleza mteja. Nami nikaingia, nikaweka mkono kwenye friji, nikahisi lile joto.

Nilimwambia atulie kwanza, azike uchungu. Hakutaka. Jumapili baada ya ibada akasimama mbele ya watu wote na ile friji ikiwa wazi nyuma yake, Walter amemsaidia kuitoa nje na waya zake, taa ya ndani inawaka. Akawaambia swichi aliiweka yeye, waya aliikosea yeye, dawa iliharibika, na Mama Anyango hana kosa. Akaomba twende tumlete siku hiyo hiyo. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo.

Unajua walifanya nini? Walimhurumia. Wazee walimshika bega. Mwinjilisti Absalom akamwombea. Adero, ambaye ndiye nilidhani atamrukia kwa kucha, alimshika mikono yote miwili. "Pole sana, Baba Nabututu," akamwambia. "Uchungu unakudanganya. Taa tumeiona sisi wenyewe, inawaka. Waya haiwezi kuua mtoto." Laban akavuta mkono wa Adero auingize kwenye friji ahisi, lakini ilikuwa imekaa juani saa nzima, ingekuwaje baridi? Watu wakaondoka wakitikisa vichwa. Kuanzia siku hiyo ndiyo wakasema amerukwa.

Dorca yeye alimwamini mara moja. Alikaa chini kwenye sakafu ya karavani akalia mpaka nikaondoka. Kesho yake Laban akasahihisha waya mbele yake, na mara hii nilisimama hapo nikinyamaza mpaka mota ikasikika. Machi watoto wote walichomwa upya. Wakubwa wa Dorca walikuja na gari, na waliwaambia akina mama kwamba ni dozi ya ziada tu, kwa usalama. Dorca aliamriwa afunge mdomo, baadaye akahamishwa. Kwa hiyo hata hapo hakuna aliyesikia jina la Anyango likisafishwa. Na surua ilipoisha, wakasema unaona, tangu aondoke watoto wako salama.

Laban hakuwa akilala tena. Aliacha kula mchana. Alikuwa na jambo moja tu kichwani, yule mama arudi nyumbani kwake, basi. Nabututu harudi, alikuwa akisema, na Tom harudi, lakini huyu yuko hapa tu Usoma. Nilikasirika naye. Nilimwambia aache, atajiua. Halafu usiku mmoja nikamtazama Milka amelala, nikakumbuka lile godoro, na asubuhi nikamwambia Laban twende.

Tulimkuta Mama Anyango nyuma ya nyumba ya binti yake, amekaa kwenye kigoda ameelekea ukuta. Mbele ya nyumba watoto walikuwa wanacheza mchangani, ziwa liko pale pale wanapocheza, na yeye amewapa mgongo. Alikuwa amekonda. Hakugeuka tulipomsalimu, ila alijua sauti zetu. Kiswahili chake ni cha kuuzia omena tu, kwa hiyo Laban akasema na mimi nikatafsiri kwa Kijaluo, sentensi kwa sentensi. Laban alipiga magoti, akachora kwa kijiti mchangani betri, swichi, waya mbili. "Mwambie hii ndiyo niliyopaswa kuchukua. Mwambie nilichukua hii." Nikamwambia. Na nilipomaliza maneno ya Laban nikaongeza yangu, kwamba nilisimama na kikombe cha chai, na kwamba naomba msamaha.

Alisikiliza yote. Akauliza swali moja, kama kweli friji ilikuwa na joto. Nikasema ndiyo, nimeweka mkono mwenyewe.

Halafu akasema, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo: "Mwambie huyo mtoto wangu asante. Ana roho nzuri, ndiyo maana amenitafutia njia ya kutokea. Lakini nilimtazama Nabututu ile asubuhi kabla hajaugua. Nilimwona amenona, nikampenda sana. Na Tom vilevile. Nimekaa hapa miezi miwili nikihesabu watoto wote niliowahi kuwapenda, na waliokufa ni wengi. Wangu mwenyewe wanne. Mwambie asijisingizie."

Mjukuu wake mmoja, ndiyo kwanza ameanza kutembea, akapinda kona ya nyumba akija kwetu huku anacheka. Mama Anyango aliposikia hizo hatua akajifunika uso kwa leso yake, akaishikilia kwa mikono yote miwili, mpaka binti yake akakimbia kumchukua mtoto.

Laban bado alikuwa magotini. Akaniuliza amesema nini, na kama atarudi.

Nikamwambia yote, neno kwa neno, kwa sababu kunyamaza nilikuwa nimenyamaza vya kutosha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akarudi kwenye mchoro wake, akaanza kumweleza upya, kwa Kiswahili, taratibu, waya ya kwanza, waya ya pili, na yule mama amejifunika uso hamwelewi, na mimi sikuweza tena kutafsiri.