Mfupa wa Bibi wa Bweyeye

Siku yangu ya kwanza radiolojia, mkuu wa kitengo alinifungia katika chumba cha giza ili nijifunze kuosha filamu kwa kupapasa. Nilikuwa nimetoka Bukavu, Kongo, na wenzangu tuliorudi Rwanda baada ya vita. Hospitali ile ya Rusizi ilikuwa na mashine moja, jenereta yenye kiburi, na Daktari Mkuu ambaye neno lake halikupingwa.

Kwenye filamu, mfupa mzima hutoka mweupe. Ulioliwa ndani na uzee hutoka kijivu, na ganda lake huwa jembamba. Kijivu hicho nilikiona kwa wazee wa kila namna: akina mama wa Kishi, kabila la upande wa Bukavu, wabeba mizigo wa mpakani, wake wa wafanyabiashara Waislamu wa Kamembe, Wanyarwanda waliobaki nchini, na sisi tuliorudi. Miaka ile watu walipimana asili hata kwenye foleni ya maji. Mifupa haikuwa na habari hiyo.

Sista mmoja mzee, Mzungu, alijikwaa akavunjika mkono. Daktari Mkuu alitazama filamu akasema papo hapo kwamba ni ostéoporose, yaani mifupa kuliwa. Akampa plasta, kalsiamu na chumba cha peke yake.

Wiki hiyohiyo majirani wa Bweyeye walimleta bibi Nyiramana kwa ingobyi, machela ya kusuka wanayobeba mabegani. Alikuwa ameinama kuinua kikapu cha viazi, shingo ya mfupa wa paja, pale unapoingia nyongani, ikakatika. Nilipachika filamu yake kwenye sanduku la taa, kando ya ile ya sista. Nikamwambia Daktari zinafanana.

"Ile ni ugonjwa ya bazungu," akasema, wabebaji wakisikia. "Mifupa ya batu beusi haivunjikaka bure. Huyu maman banamupiga. Anaishi na nani?"

Aliishi na mke wa mwanawe, Vestine, aliyefuata ingobyi njia nzima na chupa ya uji. Bibi alisema hakuna aliyemgusa. Daktari akasema waliopigwa huogopa, akamrudisha nyumbani akalale.

Wabebaji walirudi na mgonjwa na maneno yale. Vestine alimgeuza, akamwosha, akamlisha hadi bibi alipofariki. Siku ya mazishi majirani walimkataza Vestine kuifuata maiti.

Nilipanda Bweyeye kuwaeleza kwamba mfupa ulivunjika kwa uzee, si kwa kipigo. Kiongozi wa wabebaji aliniuliza kwa upole kama mimi ni daktari. Nikasema hapana. Akasema basi, daktari alishasema.

Sasa nimestaafu, na wajukuu huniuliza kwa nini nikitaja kazi yangu ninakunja ngumi. Daktari Mkuu aliagwa kwa hotuba. Vestine bado anaishi kule, na akitengeneza pombe ya ndizi, hakuna jirani anayekubali kuinywa.