Baridi Inaingilia Wapi?

Mvua za kwanza za majira ya baridi zilipoanza, Otilia Chiguay aliwasha mshumaa mchana kweupe akauzungusha ndani ya nyumba, akiupitisha kwenye kila ufa wa ukuta. Wapita njia waliochungulia dirishani walidhani mama wa watu kaanza kurukwa na akili. Mwenyewe alikuwa akitafuta baridi inaingilia wapi.

Nyumba ni ile ile aliyoolewa ndani yake. Jiko la chuma ni lile lile, kuni zimekauka tangu kiangazi, viazi vimejaa darini. Kilichobadilika ni kiwanja. Bahari ilikuwa ikila ukingo, basi kiangazi kile majirani wakafanya minga, yaani kazi ya ujima, kama ilivyo desturi ya kisiwa chao cha Chiloé, kusini mwa Chile: wakaifunga nyumba nzima kamba, wakaitandikia magogo, maksai wakaikokota hadi juu kilimani, na Otilia akawalisha wote nyama na viazi. Na sasa nyumba iliyomsitiri tangu ujanani ilikuwa inamtetemesha meno.

Nolfa, binti yake wa pekee, alikuja kutoka mjini, akalala usiku mmoja, akaamka na mafua.

"Mama, fungasha. Jumapili nakuja kukuchukua."

"Unipeleke wapi? Kwenye chumba chako cha ghorofani nikatazame ukuta wa jirani?"

"Kina joto."

"Hata tumbo la ng'ombe lina joto, sijaomba kuhamia."

"Basi kama Jumapili nitakuta joto humu, nitanyamaza. La sivyo, unaondoka."

Otilia alijibu kwa ubishi, lakini moyoni aliogopa. Huko kwao nyumba isiyowashwa moto msimu mmoja huoza, na mwenye nyumba hana tena pa kurudi.

Belarmino, jirani mwenye maksai, alipita kumsalimu akamkuta na mshumaa wake.

"Uzee huo, Otilia. Mifupa haidanganyi."

"Na mshumaa nao umezeeka? Hebu tazama."

Kwenye ukuta wa kaskazini, unakotoka upepo wa mvua, moto ulilala chali. Kwenye ukuta wa kusini ulisimama wima. Mbao za nje zilikuwa za rangi moja ya kijivu, zimepigiliwa na mkono mmoja. Sasa kwa nini ukuta mmoja uzibe na mwingine uvuje? Swali lilimwasha. Akachukua mtaimbo, akatoka na mvua yake, akabandua kigae cha mbao upande wa kusini. Chini yake kulikuwa na kigae cha pili, kisha cha tatu, kisha manyoya ya kondoo yameshindiliwa hadi pomoni. Upande wa kaskazini alikuta kigae kimoja, basi.

Akaikumbuka sauti ya nyundo. Alikuwa kitandani na Nolfa mchanga, na Eleuterio, marehemu mumewe, anagonga ukuta wa upande wa mvua kutwa nzima. Alimgombeza kwa kelele, wala hakumuuliza anafanya nini. Otilia alilia pale pale. Kisha akapandisha hasira.

"Belarmino! Mmeniwekea nyumba kinyumenyume!"

Belarmino akajikuna kichwa. "Ule mti wa juu ulituzuia, ikabidi tuizungushe. Tukasema tutairudisha. Ndipo ukatuita, nyama imeiva."

"Mlango kutazama bahari niliuona, nikadhani mmenipendelea. Kumbe njaa!"

"Ilikuwa inanukia, Otilia. Ungefanyaje wewe?"

Jumapili maksai walirudi, safari hii kwenye matope. Nyumba iligoma, ikalia, ikageuka. Otilia aliketi juu ya kifuniko cha sufuria ya nyama.

"Hakuna kula hapa mpaka mshumaa useme!"

Nolfa alifika na begi tupu mkononi. Mama yake akampa mshumaa, akamwelekeza ukuta wa kaskazini. Nje mvua ilikuwa inapiga kwa vishindo, na moto ukasimama wima. Nolfa akaweka kiganja ukutani.

"Nani kaziba hivi?"

"Baba yako. Wiki uliyozaliwa. Aliogopa utapata baridi."

Nolfa alibaki ameegemea ukuta, macho yamemjaa machozi. Hatimaye akaliweka begi chini, akavua koti.

"Jamani, mshumaa umesemaje?" Belarmino alipaza sauti mlangoni. "Huku tunakufa njaa!"