Anwani Iliyokatwa kwa Kalamu

Hafidha binti Muhdhar alikuwa fundi wa mapazia mtaa wa Shela, Malindi, miaka ile hoteli zilipokuwa zikichipuka ufuoni. Mumewe Abubakr akikata, yeye akishona. Abubakr ndiye aliyekwenda Mombasa kuchapisha karatasi za barua: juu majina yao wawili kwa wino wa buluu, chini yake sanduku la posta la ami yake, aliyekuwa na duka la vitambaa.

Abubakr akafa kwa maradhi ya ini. Hafidha alipotoka eda, alikuta ami amefunga duka na kurejea Lamu, na sanduku lile posta wamempa mtu mwingine. Karatasi zilibaki tele kabatini. Basi kila akiandika barua, hupiga mstari juu ya anwani ya zamani, na kando yake akaandika kwa mkono sanduku la shemeji yake Aly.

"Dada, chapisha nyingine," mdogo wake Tima alimwambia.

"Hizi zina kasoro gani?"

Tima alikiona kidole cha dada yake kikilipapasa jina la Abubakr pale juu.

Mwaka wa themanini na sita, hoteli mpya ikatafuta fundi wa mapazia ya vyumba vyote. Hafidha akapeleka barua pamoja na kipande cha pazia alichokishona kwa ustadi wake wote. Kimya. Siku zilipozidi akajifunga buibui, akaenda mwenyewe. Alimkuta karani, kijana wa bara aitwaye Musembi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuulizia barua yangu."

Musembi akainamisha macho. "Kazi imeshatolewa, mama."

"Mshono haukupendeza?"

"Ulipendeza mno. Meneja aliushika akausifu. Ila alipoisoma barua, akauliza mbona anwani imekatwakatwa. Akasema mtu huyu hana makao. Leo sanduku hili, kesho lile, nikimkabidhi vitambaa nitamtafuta wapi? Kisha akaniuliza huyu Abubakr ndiye nani. Nikamwambia nimesikia mjini kuwa ni marehemu. Akasema, basi hii ni biashara ya maiti."

Hafidha alisimama pale, mkono ukiushikilia ukingo wa meza. "Hakuna aliyeniita akaniuliza," alisema. "Ningalimweleza."

"Najua, mama. Niwie radhi."

Akarudi kwa miguu jua likiwaka, na waliomwamkia njiani hakuwaitikia, jambo ambalo si desturi yake. Kilichomchoma zaidi ya kazi kupotea ni lile neno, maiti. Mtu aliyemlaza kwa mikono yake, akamfumba macho, leo anatajwa ofisini kama uchafu kwenye karatasi.

Hata hivyo alikuwa na watoto wa kulisha. Akakodi sanduku lake mwenyewe posta, kisha akaenda na karatasi moja ya zamani kwa Mzee Zein, mpiga chapa.

"Niweke majina mawili kama yalivyokuwa?" Zein aliuliza.

Hafidha alilitazama jina la Abubakr kwenye karatasi. Mzee akageuka kupangusa mikono yake iliyokuwa mikavu, akimpa nafasi.

"Weka langu," alisema mwishowe.

Kazi zilikuja, ndogo ndogo: sare za shule, mapazia ya zahanati. Hoteli ile haikumwita kamwe. Karatasi mpya zilipendeza, safi, anwani moja isiyo na mstari. Lakini asubuhi moja Tima alimkuta ameketi mbele ya karatasi tupu, kalamu mkononi, chozi likimshuka.

"Nashindwa kuanza," Hafidha alisema. "Kila nikitazama hapa juu, naona nimemzika mara ya pili."

Tima alivuta kigoda, akaichukua kalamu, akamwambia ataje maneno. Tangu siku hiyo barua zote za kazi aliziandika Tima. Hafidha alitia sahihi tu, pale chini, kisha akarudi kwenye cherehani.