Kadi Tano za Kavumbi

Mwaka 1998 Kavumbi, dobi wa hoteli moja Diani, alikuwa akibeba kadi tano za kuingilia kazini: yake na za wenzake wanne, mabingwa wa kuchelewa. Kila alipozipandanisha mbele ya mashine ya langoni, ilinyamaza kama haikumwona. Akamlalamikia Jethro, fundi wa mashine kutoka bara.

“Kila kadi ina waya uliozungushwa ndani, mama. Zikilaliana, nyaya zinavurugana.”

Wala hakuuliza kadi ni za nani. Fundi ni fundi. Baada ya mwezi akaleta kadi mpya, kila moja waya wake umekaa pembe yake.

Kavumbi akazipitisha zote kwa mpigo, kichwa juu. Mashine ikalia mara tano. Bawabu Kombe akachungulia nyuma yake, hakuona mtu.

“Shikamoo, mama. Na hao wanne, niwaamkie wapi?”